Familia za waungwana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, 1642–1651: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila inapotajwa Uingereza ya karne ya 17. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Si lazima usome kwa mpangilio, ila kama jina la Verney ni geni kwako, anza na swali la 7.

## Mambo ya msingi

1. Hao "waungwana" hasa ni akina nani?

Ni wenye ardhi waliokuwa chini ya mabwana wakubwa wenye viti vya kurithi bungeni, na juu ya wakulima wa kawaida. Muungwana aliishi kwa kodi za wapangaji wa ardhi yake; hakushika jembe wala hakufungua duka. Ndani yao kulikuwa na ngazi. Juu walikuwa mabaroneti, cheo ambacho Mfalme James wa Kwanza alianza kukiuza mwaka 1611 kwa pauni 1,095. Wakafuata wenye cheo cha "Sir" kisichorithiwa, kisha maeskwaya, na mwisho kabisa yule aliyeitwa muungwana tu, pengine mwenye shamba moja na nyumba inayovuja.

Neno waungwana nimelichagua makusudi, badala ya makabaila. Kabaila masikioni mwetu ni mnyonyaji tu. Muungwana, kama neno lilivyotumika Lamu na Pate, hubeba nasaba, nyumba ya mawe, adabu, na madai ya kuwa msemaji wa mji. Hao wa Uingereza walikuwa hivyo hivyo, isipokuwa heshima yao ilikaa shambani badala ya mjini.

2. Vita vyenyewe vilikuwa vipi, kwa kifupi?

Mfalme Charles wa Kwanza alitawala bila Bunge tangu 1629 hadi 1640. Alipotaka kuwalazimisha Waskoti kutumia kitabu kipya cha sala, wakamwasi, naye akaishiwa fedha. Ikabidi aite Bunge. Bunge lililokutana Novemba 1640 lilikuja na malalamiko ya miaka kumi na moja. Oktoba 1641 Ireland nayo ikaasi, na swali likawa moja: nani ataongoza jeshi la kwenda kuzima maasi hayo? Hawakuelewana. Tarehe 22 Agosti 1642 Mfalme akasimamisha bendera yake ya vita Nottingham.

Mapigano makubwa yaliisha 1646 kwa Bunge kushinda. Yakazuka tena 1648, na kwa mara ya tatu yakamalizikia Worcester, Septemba 1651. Katikati, tarehe 30 Januari 1649, Mfalme alikatwa kichwa. Mwanawe alirudi kutawala mwaka 1660.

3. Walikuwa wachache. Kwa nini basi walikuwa na uzito mkubwa hivyo?

Kwa sababu serikali ilikuwa wao. Mfalme hakuwa na jeshi la kudumu, hakuwa na polisi, wala hakuwa na watumishi wa mshahara kwenye kaunti. Aliyehukumu wezi, kusimamia mgambo, kupanga kodi na kuamua bei ya mkate alikuwa hakimu wa amani, na huyo alikuwa muungwana wa jirani aliyefanya kazi bila malipo. Amri ikitoka London ilifika mezani kwake. Akiikunja na kuiweka mtoto wa meza, imekufa.

Hata Bunge lilikuwa lao. Kwa Kiswahili tumezoea kuliita lile baraza la chini Bunge la Makabwela, lakini ukilitembelea mwaka 1640 ungemtafuta kabwela mpaka uchoke. Wengi waliokaa humo walikuwa waungwana wa mashambani, wengine wakiwa mawakili na wafanyabiashara wachache.

4. Je, ni kweli waungwana walikuwa upande wa Mfalme na watu wa chini upande wa Bunge?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi. Oliver Cromwell, kamanda maarufu wa jeshi la Bunge, alikuwa muungwana. John Hampden alikuwa muungwana, na tajiri. Sir Thomas Fairfax, aliyeongoza jeshi la Bunge kushinda Naseby tarehe 14 Juni 1645, alikuwa mtoto wa bwana mkubwa wa Yorkshire. Ni kweli kwamba katika kaunti nyingi wenye vyeo walielemea kwa Mfalme, na miji ya nguo na bandari ikaelemea kwa Bunge. Lakini ukichukua kaunti moja na kuhesabu nyumba kwa nyumba, unakuta majirani waliokunywa pamoja Krismasi iliyopita wamesimama pande mbili. Tabaka lilipasuka katikati, na ndiyo maana vita viliwezekana: kila upande ulikuwa na watu wenye farasi, fedha na mazoea ya kuamuru.

## Kuchagua upande

5. Kabla ya vita, Charles aliwaudhi vipi watu ambao kwa desturi walikuwa wake?

Kwa vitu vitatu: fedha, dini na heshima. Mfano unaotajwa zaidi ni kodi ya meli. Zamani ililipwa na wilaya za pwani wakati wa hatari. Kuanzia 1635 Charles aliipeleka hadi kaunti za bara ambazo hazijawahi kuona wimbi. John Hampden wa Buckinghamshire alikataa kulipa shilingi 20 alizodaiwa kwa mojawapo ya mashamba yake. Angeweza kuzitoa bila kuhisi. Kesi ilisikilizwa na majaji 12, na Mfalme akashinda kwa 7 dhidi ya 5. Ushindi wa namna hiyo ulimharibia kuliko kushindwa, maana watu walihesabu wale watano.

Pia aliwatoza faini wenye mapato ya pauni 40 au zaidi kwa mwaka ambao hawakuwa wamejitokeza kupewa cheo cha "Sir" alipotawazwa. Fikiria kutozwa faini kwa kutokwenda kupokea heshima ambayo hukuiomba.

6. Mwaka 1642 mtu alijikutaje upande mmoja?

Mara nyingi kwa karatasi. Bunge lilitoa agizo la kusimamia mgambo, Mfalme naye akatoa hati zake za kukusanya askari, za mtindo wa zama za kale na zilizoandikwa kwa Kilatini. Muungwana mmoja aliweza kukuta jina lake kwenye hati zote mbili, kila moja ikimwamuru awakusanye watu wale wale. Kilatini nacho kikazaa uvumi: huko Somerset wapinzani wa Mfalme waliwaambia wakulima kwamba hati ile inachukua sehemu kubwa ya mali zao, na nani angewabishia?

Baada ya hapo umbali uliamua mengi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kama jeshi la Bunge limelala maili tano kutoka kwako na Mfalme yuko Oxford, utamwombea Mfalme kimoyomoyo na kulipa kodi ya Bunge.

7. Ni familia gani inayoonyesha vizuri mgawanyiko wa nyumba moja?

Verney wa Claydon, kaunti ya Buckinghamshire. Baba, Sir Edmund, alikuwa mtumishi wa Charles karibu miaka thelathini na mshika bendera wake. Alimwambia rafiki yake Edward Hyde waziwazi kwamba hapendi ugomvi huu, na anatamani Mfalme akubali yanayoombwa; lakini amekula mkate wake miaka yote hiyo na hawezi kufanya jambo la aibu kama kumwacha. Sijaona maelezo mafupi kuliko hayo ya kwa nini watu wenye shaka walipigana hata hivyo. Tarehe 23 Oktoba 1642, kwenye pambano la Edgehill, aliuawa na bendera ikatwaliwa. Mwili wake haukupatikana. Husimuliwa kwamba kilichopatikana ni mkono uliokatwa, bado umeng'ang'ania mti wa bendera.

Mwanawe mkubwa, Sir Ralph, alikuwa mbunge na alibaki upande wa Bunge. Mdogo wake Edmund, waliyemwita Mun nyumbani, akamwandikia barua ya uchungu: inamuumiza moyo kwamba wajibu kwa Mfalme unamfanya yeye na baba yao wawe adui wa kaka wanayempenda. Mun alipigania Mfalme hadi alipouawa Drogheda, Ireland, mwaka 1649.

Ralph naye hakumaliza safari na Bunge. Mwaka 1643 wabunge walitakiwa kuapa Agano na Waskoti, lililodai kanisa la Uingereza libadilishwe. Dhamiri ikamkataza. Akachukua mke na watoto akaenda Ufaransa. Hivyo mtu aliyekosana na baba yake kwa ajili ya Bunge akaandikwa na Bunge hilo hilo kuwa mkosaji, na shamba likawekwa chini ya ulinzi (angalia swali la 15).

8. Je, familia zilijigawa makusudi, baba huku na mwana kule, ili yeyote atakayeshinda wasipoteze shamba?

Swali zuri, na linaudhi, kwa sababu watu wa wakati ule walilinong'ona wenyewe. Kuna nyumba ambako mgawanyiko ulisaidia baadaye: ndugu aliyeshinda alimwombea aliyeshindwa. Lakini kusaidika si sawa na kupanga. Ukisoma barua za Mun kwa Ralph huoni watu wanaogawana kazi. Unaona mtu aliyeumia.

Mbinu halisi ya kulinda mali ilikuwa ya kisheria. Mawakili, maarufu kati yao Orlando Bridgeman, waliboresha hati zinazomfanya baba awe mtumiaji wa shamba kwa maisha yake tu, huku warithi ambao bado hawajazaliwa wakiwa na haki tayari. Shamba lililofungwa hivyo ni gumu kulitwaa kwa kosa la mtu mmoja.

9. Haikuwezekana kukaa katikati?

Walijaribu sana. Desemba 1642 viongozi wa pande zote mbili wa Cheshire walikutana Bunbury na kukubaliana kwamba kaunti yao isipigane. Yorkshire walikuwa wamejaribu mkataba kama huo miezi michache kabla. Yote ilikufa haraka, kwa sababu waliokuwa juu hawakutaka kuona kaunti nzima ikijitoa.

Kwa mtu mmoja mmoja, kukaa katikati kulimaanisha kutozwa na wote wawili. Sir Roger Twysden wa Kent hakumpenda Mfalme alivyotoza kodi, wala hakulipenda Bunge lilivyotunga amri bila Mfalme, na alisema hivyo kwa hoja za sheria. Alifungwa, na misitu yake ikakatwa.

Mwaka 1645 wakulima wa Dorset, Wiltshire na kaunti nyingine walichoka na kujikusanya kwa marungu, wakiapa kumpiga askari yeyote atakayeiba ng'ombe, awe wa nani. Baadhi ya waungwana wadogo na wachungaji walijiunga nao au kuwaongoza. Cromwell aliwatawanya Hambledon Hill mwezi Agosti, akawaweka mahabusu usiku mmoja na kuwarudisha makwao.

## Vita mlangoni

10. Muungwana alichangia nini hasa vitani?

Farasi kwanza. Kisha vyombo vya fedha: mabirika, sahani na vinara vya kurithi vilipelekwa kuyeyushwa viwe sarafu. Kisha watu. Sir Bevil Grenville wa Cornwall aliondoka na wapangaji na watumishi wake, nao walimfuata kwa mapenzi. Alipouawa kwenye kilima cha Lansdown, tarehe 5 Julai 1643, askari wa Cornwall hawakuwa tena wale wale.

11. Wapangaji walilazimika kumfuata mwenye ardhi?

Kisheria, la. Kivitendo, inategemea. Cornwall walifuata. Lakini kwenye maeneo ya kufuma nguo ya Somerset, mwaka 1642, watu walijitokeza kwa maelfu kuwapinga waungwana wa Mfalme, na wale waungwana wakalazimika kuondoka. Bwana aliyedhani anaamuru kijiji aligundua anakiazima tu.

12. Wanawake walifanya nini?

Waliendesha karibu kila kitu, kwa sababu waume walikuwa bungeni, vitani, gerezani au uhamishoni. Mfano ninaoupenda ni Lady Brilliana Harley wa Brampton Bryan, Herefordshire. Mumewe, Sir Robert, alikuwa London akilitumikia Bunge, na majirani zake karibu wote walikuwa wa Mfalme. Kabla hata ya bunduki kulia, alikuwa tayari amezingirwa kwa adabu: wapangaji waliambiwa wasilipe kodi, farasi wake wakachukuliwa, na watumishi wakatukanwa sokoni. Yote hayo aliyaandika kwa mwanawe Ned, katika barua ambazo pia zinataja pai alizomtumia na kumsihi aangalie afya yake.

Julai 1643 askari wapatao 700 waliizunguka ngome. Alijibu madai ya kusalimu amri kwa barua za heshima zilizojaa hoja: nyumba ni ya mume wangu, yeye ndiye aliyeniamuru niitunze, nami ni raia mtiifu wa Mfalme, sasa mnanishambulia kwa sheria gani? Kwa wiki karibu saba alizungusha maneno namna hiyo huku mizinga ikibomoa paa. Askari wakahitajika Gloucester, wakaondoka. Brilliana alifariki Oktoba mwaka huo huo kwa ugonjwa, na ngome ikaanguka mwaka uliofuata.

Upande wa pili yuko Lady Mary Bankes, aliyeilinda ngome ya Corfe, Dorset, kwa niaba ya Mfalme. Mwaka 1643, akiwa na mabinti zake, wajakazi na askari wachache, waliwamwagia washambuliaji mawe na makaa ya moto. Ngome haikutekwa hadi 1646, na hapo ni ofisa wa ndani aliyeuza mlango. Bunge liliilipua. Funguo zake bado zimetundikwa Kingston Lacy, iliyokuwa nyumba ya familia hiyo.

Kuhusu wanawake na urasimu wa kukomboa mali, ruka hadi swali la 16.

13. Marafiki walipiganaje wao kwa wao?

Sir William Waller na Sir Ralph Hopton walikuwa vijana pamoja kwenye vita vya Ulaya, mwaka 1620. Mwaka 1643 wakajikuta makamanda wa majeshi mawili yanayotafutana kusini-magharibi. Hopton aliomba wakutane. Waller akamjibu mwezi Juni kwa barua mashuhuri: mapenzi yangu kwako hayabadiliki, Mungu anajua ninavyochukia vita hivi visivyo na adui, lakini tumeshapanda jukwaani na kila mmoja lazima acheze sehemu yake. Wiki tatu baadaye walipigana Lansdown, pale pale alipokufa Grenville. Siku ya pili yake gari la baruti lililipuka karibu na Hopton, likamuunguza na kumpofusha kwa muda.

Nyumba ya Hillesden, karibu na Claydon, ilichomwa Machi 1644 na jeshi la Bunge. Ilikuwa ya akina Denton, wajomba wa Ralph Verney. Dada wa mwenye nyumba, Susan Denton, akaolewa muda mfupi baadaye na mmoja wa maofisa walioizingira. Sina la kuongeza.

14. Cromwell si alijenga jeshi bila waungwana?

Nusu kweli. Mwaka 1643 aliandika kwamba anamtaka kapteni wa koti la kawaida anayejua anachopigania na kukipenda, kuliko yule mnayemwita muungwana na asiyekuwa kitu kingine zaidi. Watu hunukuu hapo na kuacha kilichofuata: aliongeza kwamba anamheshimu muungwana aliye muungwana kweli. Katika jeshi jipya la 1645 walipanda watu kama Thomas Harrison, mtoto wa mchinja nyama, lakini maofisa wengi, hasa wa juu, walitoka familia za waungwana, mara nyingi watoto wa pili na wa tatu wasiokuwa na shamba la kurithi.

Cromwell mwenyewe alikuwa wa tawi lililochakaa. Jina kubwa lilikuwa kwa baba yake mkubwa, Sir Oliver, mtu wa Mfalme, aliyeuza nyumba ya Hinchinbrooke mwaka 1627 kwa madeni. Inasimuliwa kwamba kijana alipokwenda kumnyang'anya mzee silaha kwa ajili ya Bunge, alivua kofia na kubaki kichwa wazi muda wote, akaomba baraka zake, kisha akachukua silaha zote.

## Ardhi, faini na makaratasi

15. Walioshindwa walinyang'anywa ardhi?

Kwanza walinyang'anywa mapato. Kuanzia 1643 Bunge liliweka chini ya ulinzi mashamba ya waliomsaidia Mfalme: wapangaji walipeleka kodi kwa kamati ya kaunti badala ya kwa bwana. Mke na watoto waliweza kuomba moja ya tano. Kamati hizo ndizo zilizochukiwa kuliko jeshi, hasa kadiri familia kubwa zilivyojitoa na nafasi zao kuchukuliwa na waungwana wadogo ambao jana walikuwa wakisimama kando kuzipisha.

Kisha kukawa na njia ya kukomboa. Mhusika alikwenda London, kwenye ukumbi wa masonara, akaapa, akaorodhesha mali yake yote na kupangiwa faini: moja ya kumi ya thamani, moja ya sita, moja ya tatu, hadi nusu kwa baadhi ya wabunge walioasi. Zaidi ya watu 3,000 walipita njia hiyo. Orodha zao zinachekesha kwa umaskini wanaoudai: madeni yote yamekumbukwa, ng'ombe wote wamesahauliwa.

Waliokataliwa au walioshindwa kukomboa, zaidi ya 700, mashamba yao yaliuzwa kwa sheria za 1651 na 1652.

16. Ilikuwaje wake ndio waliotumwa London?

Kwa sababu mume akitokea angekamatwa, au angetakiwa kuapa asichoamini. Ralph Verney alipokuwa Ufaransa, mjomba wake Dkt. William Denton alimwandikia amtume Mary, mkewe, akisema wanawake hawajapata kuwa na faida kama wakati huu. Mary alivuka bahari mwishoni mwa 1646 akiwa mjamzito. Alipanga vyumba vya ghali, akasubiri mlangoni kwa wabunge, akatumia undugu, zawadi na machozi kwa zamu. Alijifungua mtoto wa kiume, mtoto akafa. Wakati huo huo binti yao akafa Ufaransa. Januari 1648 shamba likaachiwa. Mary alirudi kwa mumewe na kufariki Blois mwaka 1650, bila kuishi Claydon tena.

17. Mwaka 1660 kila mtu alirudishiwa chake?

Ardhi iliyotwaliwa na kuuzwa na serikali ilirudi kwa sehemu kubwa, na wengi walikuwa wameshainunua tena kimyakimya kupitia mawakala. Lakini aliyeuza shamba mwenyewe ili alipe faini hakupata kitu: mauzo yale yalihesabiwa ya hiari. Ndipo Sheria ya Msamaha na Usahaulifu ikapewa jina na wanyonge wa upande wa Mfalme: msamaha kwa maadui wake, usahaulifu kwa marafiki zake.

## Maswali ya pembeni

18. Waliogeuka katikati ya safari walitendewaje?

Inategemea waligeuka na nini mkononi. Sir John Hotham alimfungia Mfalme mlango wa Hull tarehe 23 Aprili 1642, huku Charles akisimama nje na ghala la silaha likiwa ndani. Bunge likamshangilia. Mwaka uliofuata yeye na mwanawe wakakamatwa wakipanga kuukabidhi mji huo kwa Mfalme. Mwana alikatwa kichwa tarehe 1 Januari 1645, baba kesho yake.

19. Waungwana Wakatoliki nao?

Walikuwa wakitozwa faini kwa imani yao tangu zamani, na Bunge liliwatisha zaidi ya Mfalme. Wengi walijaribu kunyamaza. Waliopigana, hasa Lancashire, karibu wote walikuwa wa Mfalme, na walipoteza zaidi kuliko Waprotestanti wa upande wao.

20. Ni waungwana waliomuua Mfalme?

Sahihi kwenye hati ya kifo ni 59, na waungwana wamo wengi: John Hutchinson wa Nottinghamshire, Edmund Ludlow wa Wiltshire, Sir Hardress Waller. Lakini kufika hapo jeshi lilikwishawazuia wabunge wengi mlangoni, Desemba 1648. Wengi wa waliolipigania Bunge tangu mwanzo hawakutaka hilo. Fairfax hakutia sahihi, na mkewe alipaza sauti kutoka jukwaa la watazamaji kuipinga kesi.

21. Hatimaye, chanzo kilikuwa waungwana kupanda au kushuka?

Mwaka 1941 mwanahistoria R. H. Tawney alidai walikuwa wakipanda kwa bei za mazao na ardhi ya kanisa, na wakadai madaraka yalingane na mali. Mwaka 1953 mwanahistoria mwenzake, Hugh Trevor-Roper, akajibu kwamba walioleta fujo ni wale wasio na kazi ikulu, waliokuwa wakishuka. Wakarushiana takwimu kwa miaka. Kisha watafiti wakaingia kwenye kabati za kaunti moja moja, wakakuta wanaopanda na wanaoshuka wapo pande zote mbili. Mimi naona dini na majirani vinaeleza zaidi kuliko hesabu za shamba, hasa ukirudi kwenye maswali ya 6 na 12.

22. Tunajuaje mambo ya ndani namna hii?

Kwa sababu baadhi yao hawakutupa karatasi. Ralph Verney alihifadhi barua alizopokea na nakala za alizotuma, maelfu kwa maelfu, na zikakaa Claydon. Alirudi Uingereza mwaka 1653, akakamatwa tena 1655 kwa kushukiwa kuwa mtu wa Mfalme, akaachiwa, akaishi hadi 1696. Katika kanisa la Middle Claydon kuna kumbukumbu ya marumaru yenye sanamu nne za kichwa na mabega: baba yake, mama yake, Mary, na yeye mwenyewe. Baba yake hamo chini yake, maana Edgehill hawakumpata.